Nati ya Gurudumu la Kushoto

Jumatatu, 2 Machi

Kaka amekuja gereji kwangu leo saa nne asubuhi. Mara ya kwanza tangu nifungue, na nimefungua miaka kumi na sita iliyopita. Alisimama mlangoni akiyatazama magari matano yaliyokuwa ndani kama mtu anayehesabu viti vya mkutano. Sikumpa kiti.

"Baba anataka kwenda kwa Mama," akasema.

Mama yuko makaburini, kilomita arobaini na moja kutoka nyumbani kwao. Baba ana miezi minne hasemi, upande wa kulia wote umekufa ganzi, na daktari alipoulizwa alizungumzia wiki, hakuzungumzia miezi.

"Mpeleke. Gari unalo."

"Langu halitaki. Anataka lile la bandani."

"Lile halitembei."

"Ndiyo maana niko hapa. Injini inawaka, Baba alikuwa anaiwasha kila wiki, lakini gurudumu la nyuma kushoto limegoma kuzunguka. Nikamwambia nitatafuta fundi. Nikamtajia mafundi wanne, wote akawakataa kwa mkono. Nikakutaja wewe, akafumba macho." Akatazama viatu vyake. "Siku hizi akifumba macho amekubali."

Nilimwambia nitafikiria. Nilishafikiria kabla hajamaliza sentensi, ila sikutaka aondoke na jibu mkononi.

Nimenunua daftari hili njiani nikirudi nyumbani. Nikiingia lile banda nataka kila kitu kiwe kwenye maandishi. Mara ya mwisho hakukuwa na maandishi, palikuwa na neno la Baba tu, na neno la Baba lilitosha.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda. Banda lina harufu ileile ya grisi na mavumbi. Gari limekaa pale miaka ishirini na miwili. Nililizunguka nikiwa na tochi, kipimo na kalamu, kwa sababu bila kitu mkononi ningesimama tu.

Hali yenyewe ni hii. Breki ya nyuma kushoto imegandia ndani ya ngoma yake. Ngoma haivuliki mpaka nati iliyo katikati, kwenye ncha ya ekseli, itoke. Nati imefunikwa na grisi iliyokauka ikawa ngumu kama lami, juu yake rangi, juu ya rangi kutu. Pini yake, inayoizuia isijifungue, nimeitoa vipandevipande.

Magari ya aina hii nimeshafungua kumi na manne kwangu. Kulia nati hulegezwa kama nati zote za duniani, kinyume cha saa. Kushoto thredi yake, ile mikato inayozunguka kama ya skrubu, imegeuzwa, hulegezwa kwa kufuata saa. Walioitengeneza walikuwa na akili: gari likienda mbele, mzunguko wa gurudumu unaisukuma nati ijikaze, upande huu na upande ule. Hili sikufundishwa na Baba. Yeye alimfundisha Kaka. Mimi nilikuwa wa kuosha spana na kutazama.

Niandike na lile jingine, nilimalize. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba aliifungua ekseli yote, akaiunga, siku ya mwisho akachoka akaniambia kaza magurudumu ya nyuma. Nikakaza. Nikatia pini. Kwenye karakana ya Baba kila anayekaza nati kubwa huipiga alama yake kwa tindo, ili likiharibika jambo ijulikane ni mkono wa nani. Baba mstari mmoja, Kaka miwili, mimi mitatu. Nikapiga mitatu, na nilijiona mkubwa. Kesho yake Baba na Mama wakasafiri kwa barabara hiyohiyo ipitayo makaburini. Kilomita ya thelathini na tatu, kwenye mteremko, gurudumu la kushoto likachomoka na ngoma yake. Baba alitoka na mkwaruzo. Mama hakutoka.

Nati ilipatikana mita mia moja na kumi nyuma ya gari. Ina mistari mitatu, haina pini. Baba aliiweka mezani mbele ya ukoo wote akasema, "Mkono wake huu hapa." Siku ya mazishi nilikwenda kwa miguu, nikafika jioni watu wameshatawanyika, maana ndani ya magari ya familia hakuna aliyenisogelea nikae.

Pini niliitia. Nimesema hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Alhamisi, 5 Machi

Mafuta ya kutu, asubuhi na jioni. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 6 Machi

Mafuta. Mvua imeanza.

Jumapili, 8 Machi

Nimejaribu kwa nguvu leo. Magurudumu yote chini ardhini, kabari mbele na nyuma, soketi ya pande sita na si ile ya pande kumi na mbili inayokula kona za nati, mpini mnene, na juu ya mpini bomba la mita moja na nusu. Bomba unalisukuma kwa viganja vilivyo wazi, umesimama pembeni, ili likiteleza lipite na lisikubebe. Nina kilo sitini na nane. Nikining'inia ncha ya bomba ni kama kilo mia moja na mbili ziko umbali wa mita moja kutoka kwenye nati. Haikutikisika.

Kaka alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai.

"Jaribu upande mwingine, Injinia."

"Kushoto hufuata saa."

"Nasema tu."

"Wewe umefungua mangapi ya aina hii?"

"Hakuna."

"Basi kunywa chai."

Kuanzia leo kwenye daftari hili namwita Mrithi. Karakana aliachiwa yeye, akaifunga baada ya mwaka mmoja na nusu, sasa ni stoo ya viti vya kukodisha.

Jumatatu, 9 Machi

Nilipita chumbani kwa Baba kwa mara ya kwanza. Amebaki mifupa na macho. Wifi alikuwa anamlisha uji. Baba akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto, akakizungusha juu ya shuka, pole pole, mara nyingi, kinyume cha saa.

"Anafanya hivyo tangu juzi," wifi akasema. "Kama anakoroga."

"Ni ugonjwa," nikasema.

Mvua mchana kutwa.

Jumatano, 11 Machi

Moto. Nilitoa tangi la mafuta ya gari kwanza, nikaweka ndoo mbili za mchanga, nikaipasha nati pembe zake sita sawasawa hadi ikabadilika rangi, nikaiacha ipoe, nikaipasha tena. Mara tatu. Kisha bomba. Kufuata saa. Hakuna.

Nimeongeza bomba hadi mita mbili. Hesabu inasema mia moja thelathini na sita. Nati haijui hesabu.

Alhamisi, 12 Machi

Nilikuwa gereji kwangu saa sita mchana wifi aliponipigia, anahema. Nilipofika Mrithi alikuwa amekaa kwenye tope nje ya banda, mkono umekunjwa kifuani, uso kama majivu.

Nilijua kabla sijaambiwa. Alikuwa ameona bomba limekaa chini mno, mgongo unamuuma, akapandisha gari kwa jeki ili nati ije kimo cha kiuno. Jeki moja. Hakuna stendi chini, hakuna kabari, sakafu imelowa. Akalirukia bomba kwa miguu miwili. Gari likatembea sentimita chache pembeni, jeki ikalala, tani moja na robo ikashuka. Mguu wake ulikuwa umeshatoka. Mkono ulikuwa bado kwenye bomba.

"Nilitaka kusaidia," akasema.

"Nani alikuomba?"

"Hujaniomba kitu tangu una miaka kumi na tisa."

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Kifundo cha mkono kimevunjika na vidole viwili. Kwenye foleni tulikaa saa tatu, halafu akasema huku akitazama ukutani, "Nilimwambia Baba usiku uleule wa ajali kwamba pini nilikuona unaitia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mezani.

"Aliniambia nikae kimya. Nikakaa." Baadaye kidogo akaongeza, "Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Si mtoto. Najua."

Jina lake likaitwa, nikambebea kadi.

Ijumaa, 13 Machi

Wifi anasema maji yamefika ubao wa daraja la chini kwenye barabara ya makaburini. Likizama, njia imefungwa hadi mvua ziishe. Baba amekula vijiko vinne.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeacha nguvu, nimeshika brashi ya waya. Saa mbili nzima nilisugua ile nati, kitu ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza. Kiburi. Niliona rangi na grisi nikadhani naijua nati iliyo chini yake.

Nimekuta vitu viwili.

Cha kwanza, nati haina alama. Hakuna mstari mmoja wa Baba, hakuna miwili ya Kaka. Baba hakuwahi kuacha nati bila alama. Alikuwa anapiga alama hata bawaba za mlango.

Cha pili, nati imechomelewa. Tone moja dogo la kuchomelea, kama punje ya mahindi, limeishika nati kwenye ncha ya shafti, chuma kinachopita ndani ya ekseli kulizungusha gurudumu, na juu yake likapakwa grisi na rangi lisionekane.

Nilikwenda sebuleni. Kaka alikuwa amelala kwenye kochi, mkono kwenye plasta.

"Nani amechomelea ile nati?"

"Baba. Kulekule mteremkoni, siku tuliyokwenda kulichukua gari."

"Ulimwona?"

"Nilimshikia waya."

"Na hukuuliza nani anachomelea nati ya ekseli?"

"Ile nyumba ilikuwa na maswali mangapi ya kuuliza? Sikuuliza hata moja."

Mtu anachomelea nati asipoiamini pini. Pini hukaa miaka. Kwa nini asiiamini?

Jumatatu, 16 Machi

Naandika kwa mpangilio, jinsi ilivyotokea.

Saa tatu nilikata lile tone kwa grinda, taratibu, nisiguse thredi. Saa nne bomba, kufuata saa. Hakuna. Kona moja ya nati ikaanza kuliwa. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mvua inapiga bati hata mawazo yako huyasikii.

Pale nilipokata palikuwa peupe, chuma kitupu, na mikato mitatu ya thredi inaonekana nje ya nati. Nikachukua sindano, nikaiweka kwenye mkato wa kwanza, nikaifuata inavyotambaa. Ilipaswa itambae kwa mwendo wa kushoto. Ikatambaa kwa mwendo wa kulia. Nikarudia. Nikafuta kwa kitambaa, nikarudia mara ya tatu.

Ile ilikuwa thredi ya kawaida. Siku nane nilikuwa naikaza.

Nikahamisha vifaa upande wa kulia. Ile haikuwa imechomelewa, mafuta ya siku moja yangeitosha. Nikasugua, nikashika sindano. Imegeuzwa. Shafti ya kushoto iko kulia na ya kulia iko kushoto. Urefu wake ni mmoja, zinaingia popote, tofauti ni thredi ya nchani peke yake. Aliyeziweka ni aliyeiunga ekseli, na ekseli iliungwa na mtu mmoja.

Hesabu haikunichukua muda. Gurudumu lina mzingo wa mita mbili. Kila kilomita huzunguka mara mia tano. Kilomita thelathini na tatu ni mara elfu kumi na sita na mia tano, na kila mzunguko unaisukuma nati ifunguke. Ngoma ikaanza kucheza, nati ikaisaga pini mpaka ikakatika, kisha ikajifungua yenyewe hadi mwisho. Ningeikaza kwa bomba la mita tatu ingejifungua tu. Mkono wangu haukuwa na la kufanya pale.

Na yeye alijua. Alipokwenda kulichukua gari akaiona thredi, akaelewa, akatia nati mpya. Hakuthubutu kuzirudisha shafti mahali pake, maana angeonekana akifungua ekseli na watu wangeuliza. Akachomelea tone moja, akalificha, akaendesha mpaka nyumbani, akalifungia bandani. Nati yake mwenyewe akaona aibu kuipiga alama. Ile yangu akaiweka mezani.

Nikaligeuza bomba. Kinyume cha saa. Nati ikalia mlio mmoja kama mlango, ikaja. Sikutumia hata nusu ya uzito wangu.

Kidole cha Baba kilikuwa hakikorogi.

Jumanne, 17 Machi

Niliisafisha ile nati kwa mafuta ya taa, nikaenda nayo chumbani. Wifi nikamwomba atupishe.

Nilimwekea Baba kwenye kiganja cha kushoto. Aliitambua kabla ya kuitazama.

"Shafti ziko kinyume," nikasema.

Akafumba macho.

"Ulijua siku ileile ulipolifuata gari?"

Akafumba.

"Kabla ya kuniweka mbele ya ukoo?"

Hapa alichelewa. Akafumba, na akafumbua, na machozi yakateremka kuelekea sikioni, upande ule unaohisi na upande ule usiohisi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi lakini si kwa hilo la kukubali. Nikaichukua nati kutoka mkononi mwake. Vidole vyake vilijaribu kuishika. Nikavikunjua kimoja kimoja, vitano, nikatoka.

Wifi mlangoni akasema, "Wifi, gari litakuwa tayari lini?"

"Muulize aliyeliunga."

18 Machi

Sikwenda.

19 Machi

Sikwenda. Nimeunga injini ya mteja mmoja na kufungua breki za mwingine. Kazi safi, watu wanaosema asante.

20 Machi

Sikwenda. Kaka amepiga simu mara sita.

21 Machi

Sikwenda. Mvua haikukatika hata robo saa.

Jumapili, 22 Machi

Kaka alikuja kwa miguu, plasta imefungwa mfuko wa nailoni. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Wifi yako amenieleza ulivyotoka, na alichosikia mlangoni kuhusu shafti. Nikaenda bandani na sindano. Mimi si fundi tena lakini hilo nimeliona."

"Vizuri."

"Nimewapigia baba mdogo na shangazi, na wale wengine waliokuwa mezani. Nimewaambia mkono haukuwa wako. Nimewaambia na kuhusu pini, na kwamba nilinyamaza." Akaufuta uso kwa mkono mzima. "Sikuombi umsamehe. Nakuomba umalize gari. Anatazama mlango tu, dada."

Hajaniita dada siku nyingi. Saa nane nilikuwa bandani.

Ngoma imekaa kwenye shafti iliyochongwa kama kabari, na inapoachia huruka. Kwa hiyo nati huitoi yote, unairudisha mizunguko mitatu kwanza, ndipo unafunga chombo cha miguu mitatu na kuvuta. Nikairudisha ile ile isiyo na alama. Nikakaza chombo robo mzunguko kwa robo, nikisubiri kati yake. Saa kumi na moja kasoro ikaachia kwa kishindo, ikaigonga nati, ikatulia pale. Bila nati ingenikuta kifuani.

Zimebaki shafti, breki na kuunga. Siku mbili.

Nilipitia dirishani kwa Baba. Alikuwa amelala. Sikuingia, nikasema kesho.

Jumatatu, 23 Machi

Baba amefariki leo asubuhi saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wifi alikuwa naye. Mimi nilikuwa njiani, na boksi la spana kwenye kiti cha pembeni.

Nati ilifunguka tarehe kumi na sita. Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku tatu. Ningeendelea tarehe kumi na nane, ningemaliza tarehe ishirini. Tarehe ishirini na moja angekuwa kwa Mama, na daraja lilikuwa bado linapitika.

Siku nne nilizikaa mimi. Hakuna mwingine wa kuwekewa mezani.

Jumanne, 24 Machi

Kaka aliniambia niache, kuna gari la kukodi la kumbeba. Nikamwambia anishikie tochi. Akaishika kwa mkono mmoja siku nzima na usiku kucha bila kuuliza kitu, isipokuwa mara moja: "Hii ndiyo ya kushoto?" Nikamwambia ndiyo. Akaitazama kwa muda mrefu.

Shafti zimerudi mahali pake. Ya kushoto kushoto, ya kulia kulia. Nati mpya mbili, pini mpya mbili. Nimezikunja mbele ya macho yake, nikamwambia, "Umeona?" Akasema, "Nimeona."

Kisha nikachukua tindo. Mistari mitatu, na nikaivusha mpaka kwenye ncha ya shafti, ili nati ikisogea hata kidogo mistari iachane.

Jumatano, 25 Machi

Tumemzika Baba kando ya Mama. Daraja tulivuka maji yakiwa kifundoni, gari la kukodi mbele na jeneza, mimi nyuma naendesha lile la bandani, Kaka pembeni yangu, wifi nyuma. Kabla ya kuondoka, watu wa ukoo walikuwa wanatafuta nafasi. Shangazi alikuja dirishani kwangu akasema, "Mwanangu, hapo nyuma panatosha?" Nikamfungulia mlango. Akaingia.

Kilomita ya thelathini na tatu niliegesha kabla ya mteremko. Nikatia kabari, nikachuchumaa kwenye mvua, nikatoa kifuniko cha katikati ya gurudumu la kushoto.

Kaka akashusha kioo. "Imesogea?"

Nikapitisha ukucha juu ya mistari mitatu. Ilikuwa imenyooka, nati na shafti, kama nilivyoipiga.

"Haijasogea."

Gari la mbele lilikuwa limeshapotea kwenye kona. Ile nati isiyo na alama ilikuwa mfukoni mwa koti langu tangu ngoma ilipoachia. Nilikuwa nimefikiri nitamwekea Baba kaburini. Tulipofika nilisimama nayo mpaka udongo ukajaa, kisha nikarudi nayo.

Iko hapa mezani ninapoandika. Asubuhi nitaipeleka gereji, nitaibana kwenye jiliwa, na nitaipiga mstari mmoja.